Domokaya, Bahili na Mtihani wa GRE

Jumatano moja jioni mwenzetu wa mwaka wa tatu alishika mkia. Tulikuwa tunacheza Kahoot kwenye simu, maswali ya msamiati wa GRE, sekunde 20 kila swali. Alipata karibu yote, ila polepole, na Kahoot humpa alama nyingi anayewahi. Akaweka simu chini, akasema labda aache kabisa kuomba nafasi ya uzamili Marekani. Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 200, na kwao hiyo si pesa ya kubahatisha.

Tulipotazama mtihani wenyewe, tuliona mchezo ulikuwa unampima vibaya. Tangu Septemba 2023 sehemu ya lugha ya GRE ina maswali 27 kwa dakika 41, yaani kama dakika moja na nusu kwa swali. Kuwahi hakuongezi alama. Kukosea hakupunguzi, kwa hiyo usiache swali wazi.

Lakini kuulizana hatukuacha. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kukisoma. Baada ya dakika 5, waliorudia ndio walioongoza. Ndiyo maana anayesoma daftari usiku wa kuamkia mtihani hujiona ameiva!

Basi tuliondoa saa, tukarudi kwenye mchezo wa bibi zetu. "Kitendawili!" "Tega!" Aliyeshindwa anampa mtegaji mji. (Durban hatuipokei tena, imetolewa mno. Wa Bukavu hataki kabisa kuitoa Bukavu.) Maana za maneno tuliziandika kwa Kiswahili, na hapo tulicheka sana. "Garrulous", lililotutisha mwezi mzima, ni domokaya tu. "Parsimonious" ni bahili. "Obsequious" ni mtu wa kujipendekeza. Hawa wote tunawajua, tunakutana nao kwenye kila harusi. Sisi tunaoongea Kiswahili nyumbani, Kizulu barabarani na Kiingereza darasani tulikuwa tukidhani lugha ya nyumbani haina kazi kwenye mitihani ya namna hii.

Kwa hesabu mbinu hii haikufaa. Huko ni kalamu na karatasi.

Mwenzetu bado hajalipa ada. Ila Jumatano iliyopita alijizolea miji minne, ikiwemo Kigoma, na sasa anaitaka Bukavu.