Lubumbashi: mtu mmoja, gitaa moja

Ukitua Lubumbashi ukiwa na picha ya muziki wa Kongo kichwani, yaani bendi ya watu ishirini, wanenguaji na majina ya matajiri yakitajwa katikati ya wimbo, usiku wa Halle de l'Étoile unaweza kukushangaza. Huo ni ukumbi wa kituo cha utamaduni cha Ufaransa mjini. Mara nyingi anayepanda jukwaani ni mtu na gitaa lake, pengine na mpiga ngoma mmoja pembeni. Anaimba Kiswahili, anachanganya na Kifaransa, na nyimbo ni zake mwenyewe. Sando Marteau ni mmoja wa waliojijengea jina kwa njia hiyo. Wasikilizaji wamekaa. Kucheza kutakuja, lakini kwanza maneno yasikike.

Marafiki wa Dar na Nairobi huniuliza, hii ni Kongo gani?

Ni Kongo ya reli ya kusini. Treni ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, mji ukiitwa Élisabethville, na kilichoileta ni shaba. Hata leo mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa uko kilomita 90 hivi, wakati Kinshasa, hata kwa ndege, ni zaidi ya kilomita 1,500. Kampuni ya madini ya Union Minière ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, wakaelewana kwa Kiswahili. Magitaa na santuri navyo vilipanda na treni. Miongoni mwa magitaa hayo yalikuwamo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo wazee wa Tanzania huyaita galatoni.

Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, ilikuwa na studio za wafanyabiashara kama Ngoma, Opika na Loningisa. Mwenye studio alikuwa na vyombo, alikuwa na pesa, na bendi zilikua chini ya kivuli chake. Katanga, mkoa huu wa shaba, haikuwa na tajiri wa muziki wa kiwango hicho. Mtu alitunga peke yake, akapiga peke yake, na bahati yake ilikuwa kukutana na mgeni mwenye mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1952 mgeni huyo alikuwa Hugh Tracey, na aliyekutana naye Jadotville, sasa Likasi, alikuwa kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Bunkeya: Jean-Bosco Mwenda, au Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa kwenye santuri za Gallotone, za kampuni hiyohiyo ya Gallo, ukaenea Afrika ya Mashariki na Kusini.

Ukitaka kuelewa kwa nini mpiga gitaa mmoja anatosha jioni nzima, sikiliza vidole vya Mwenda. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, halisimami, linashika besi na mapigo. Kidole cha shahada kinachukua nyuzi nyembamba na kuimba juu yake, tena kwa mapigo tofauti na ya gumba. Msikilizaji anadhani wako wawili. Sauti ya mwimbaji ikiingia, unahesabu watatu. Edouard Masengo na Losta Abelo walipita njia hiyohiyo. Masengo alihamia Nairobi, na Mwenda naye aliishi huko kwa muda akiwa na kipindi chake redioni. Wapiga gitaa wa Kenya walijifunza mengi kwake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Pamoja na sifa hizo zote, Mwenda hakuishi kwa gitaa tu. Alikuwa na kazi za mshahara. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani nchini Zambia.

Kwa hiyo wanaosema muziki wa kujitegemea ni mtindo mpya ulioletwa na vijana wa intaneti, mimi siwaungi mkono. Lubumbashi muziki ulianza hivyo. Hata mwanamuziki Baloji, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1978 akalelewa Ubelgiji, ana kitu cha hapo: anatunga, anaongoza filamu zake, na toleo lake la wimbo wa zamani "Indépendance Cha Cha" alilipa jina la Kiswahili, "Siku ya Baadaye".

Kuna pia sababu ya kawaida kabisa ya gitaa moja kudumu: umeme. Waya wa kilomita 1,700 hivi ulivutwa kutoka bwawa la Inga katika miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi ya Katanga, lakini mitaani umeme hukatika. Bendi ya vyombo kumi inahitaji jenereta na mafuta. Gitaa kavu linahitaji viti na watu wanyamavu. Nadhani hilo limelinda muziki huu kuliko mpango wowote wa serikali.

Basi ndugu zangu wa Lubum mlioko Brussels, Johannesburg na kwingineko, mkienda likizo tafuteni nani anapiga wiki hiyo, Halle de l'Étoile au kwenye baa ya mtaa wa Kamalondo. Lipeni kiingilio, msiombe mwaliko wa bure kwa sababu mmesoma naye. Hana tajiri nyuma yake. Mlango ndio mshahara wake.