Povu Lisilo la Sabuni

Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, mafuta ya nazi hayatafutwi mbali. Ukiwa nayo, pamoja na kostiki soda na maji, sabuni hutengenezeka uani. Hesabu yake inajulikana: kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za kostiki ili yote yageuke sabuni na gliserini. Maelekezo mengi huishia hapo. Hayasemi ni nini kingine kinachotokea ndani ya chombo hichohicho, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Tuanze na sufuria. Nyingi za kwetu ni za alumini, na mama asiyeambiwa atakoroga kostiki humohumo anamopikia wali. Maji yatapata moto bila kuinjikwa, povu litapanda. Joto lingekuwapo katika chombo chochote, maana kostiki huchemsha maji inapoyeyuka. Povu ni jambo jingine: kostiki inaila alumini, na kila gramu 1 inayoliwa hutoa zaidi ya lita 1 ya haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kulipuka ikikutana na cheche. Jiko la mkaa huwa hatua mbili pembeni. Hata pasipo mlipuko, povu hurusha matone ya kostiki hadi usoni. Ndoo ngumu ya plastiki ingeondoa hatari hii, na inasikitisha kwamba fomula hufundishwa bila neno hilo moja.

Mmenyuko mwingine ni wa kimyakimya. Kopo likiachwa wazi katika hewa nyevu ya pwani, kostiki hunyonya maji na kaboni dayoksaidi, ikawa aina ya magadi. Mtengenezaji hupima gramu zilezile, sabuni ikabaki laini. Safari ijayo huongeza kwa kukisia kutoka kopo jipya, na sabuni hiyo huchubua mikono ya wanunuzi.

Linaloniuma zaidi ni jicho. Kostiki huyeyusha nyama yake na kuendelea kupenya. Wapo wanaokimbilia siki au ndimu. Mchanganyiko huo huzalisha joto ndani ya jeraha. Kinachotakiwa ni maji safi, yamiminwe papo hapo kwa nusu saa, kope zimeshikwa wazi, ndipo safari ya hospitali ianze, nayo ya wilaya iko mjini Pangani, ng'ambo ya mto. Maji hayo yawe yameshatekwa kabla kopo halijafunguliwa.