Mpaka Kati ya Sanaa ya Uchi na Ponografia

Mwili wa mtu aliye uchi ni miongoni mwa mada kongwe za sanaa. Wagiriki wa kale waliuchonga katika marumaru, wachoraji wa Italia wakaupaka rangi makanisani, na mafundi wa Kimakonde wakautoa katika mpingo. Mwili huohuo ndio bidhaa ya biashara ya picha za ngono. Kwa hiyo ukubwa wa sehemu iliyo wazi hautoshi kutenganisha sanaa na ponografia. Yapo mambo manne ya kupima: kusudi la kazi, namna ilivyoundwa, mahali inapoonyeshwa, na ridhaa ya mtu aliyemo.

Historia inaonyesha jinsi hukumu hiyo inavyobadilika. Michelangelo alimaliza “Hukumu ya Mwisho” katika Kanisa la Sistina, Vatican, mwaka 1541. Mwaka 1565 Daniele da Volterra aliagizwa kuwafunika kwa vitambaa vya kuchorwa baadhi ya watu waliochorwa uchi. Picha iliyoagizwa na Papa ilionekana, ndani ya kizazi kimoja, kuwa na kasoro ya heshima.

Mfano wa Paris unafundisha zaidi. Mwaka 1863 Alexandre Cabanel alionyesha picha ya Venus akiwa amejilaza uchi juu ya mawimbi, na Mfalme Napoleon wa Tatu akainunua. Miaka miwili baadaye Édouard Manet alionyesha “Olympia”, nayo picha ya mwanamke aliyelala uchi, na watu wakaghadhibika. Mwanamke wa Manet hana mkao wa kuvutia zaidi ya ule wa Venus. Kilichowaudhi watazamaji ni kwamba hakuwa mungu wa hadithi za kale: alikuwa kahaba wa Paris ya siku zao, aliyewakazia macho bila haya. Hadithi ya kale ilikuwa imempa Cabanel kisitiri; Manet alikiondoa, akamlazimisha mtazamaji ajitazame mwenyewe. Hapo ndipo kusudi na muundo vinapojitokeza. Sanaa humpa mtazamaji jambo la kufikiri juu ya mwili, uzuri, uzee, umaskini au mamlaka. Ponografia huelekeza kila kitu kwenye kuamsha ashiki, na mtu aliyemo hupunguzwa hadi kuwa viungo tu. Hata hivyo, kazi ya sanaa inaweza kuamsha hisia za kimwili na ikabaki sanaa, mradi hisia hizo zisiwe ndizo peke yake zilizomo.

Mahali nako kuna uzito. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, mchezaji wa kiume huweza kuvaa kinyago cha mwili chenye matiti na tumbo la mjamzito. Katika unyago wa baadhi ya jamii za Tanzania, vinyago vya udongo vimetumika kuwafundisha wari mambo ya ndoa na utu uzima. Ndani ya jando na unyago kuna kungwi, nyimbo na maelezo. Kinyago kikitolewa humo na kuwekwa mbele ya mtu asiyejua, maana yake hupotea na anaweza kukiona kichafu.

Sheria imehangaika na suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1868 mahakama ya Uingereza, katika kesi ya Hicklin, iliuliza kama chapisho lingeweza kuwapotosha watu wepesi wa kuathirika. Kipimo hicho kilikuwa kipana mno. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1959 ikataka kazi itazamwe kwa ujumla wake, ikaruhusu wataalamu kutoa ushahidi kuhusu thamani yake ya kisanaa. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Miller ya mwaka 1973, iliweka masharti matatu ya kazi kuhukumiwa kuwa chafu: ilenge ashiki kwa vipimo vya jamii, ionyeshe ngono kwa namna ya kuchukiza, na ikose thamani ya dhati ya kifasihi, kisanaa, kisiasa au kisayansi. Yote matatu lazima yatimie. Uganda ilitunga sheria dhidi ya ponografia mwaka 2014, lakini mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu, kikiwemo cha tafsiri ya ponografia. Fasili isiyo wazi humwacha msanii, na hata mwanamke aliyevaa sketi fupi, mikononi mwa maoni ya askari.

Jambo la nne, ridhaa, halitegemei zama wala mila. Picha iliyopigwa kwa siri, kwa vitisho, au iliyosambazwa bila idhini ya mhusika ni dhuluma hata ikiwa na ufundi mkubwa. Kwa watoto ulinzi ni mkali zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kutoa ridhaa hiyo. Mwaka 1982, katika kesi ya Ferber, mahakama hiyohiyo ya Marekani iliamua kwamba picha za ngono za watoto zinaweza kupigwa marufuku hata kama hazikidhi masharti ya Miller. Tanzania nayo imezifanya kosa la jinai katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mjadala wa thamani ya kisanaa una nafasi pale tu ambapo aliyeonyeshwa ni mtu mzima aliyekubali kwa hiari yake.