Siku mbili Kisangani: anza pale safari ya boti inapokatika

Ndugu zetu wengi wa Brussels, Liège na Paris wanajua kuitembelea Brugge kwa wikendi moja. Wanafika kwa treni Jumamosi asubuhi, wanajua mnara upi wa kupanda kabla foleni haijawa ndefu, na Jumapili jioni wanarudi wameelewa kwamba mji ule ulitajirika kwa mkono wa bahari, na mkono ule ulipojaa mchanga biashara ikahamia Antwerpen. Tukienda Kisangani mambo huwa mengine. Siku zinaishia kwenye matanga, mahari, kiwanja chenye kesi, na wageni wanaokuja kusalimia hadi usiku. Ndege inaondoka, na mtoto aliyezaliwa Ulaya anarudi ameziona nyumba za shangazi zake wote bila kuuona mji wao.

Matanga yana haki yake, na wageni pia. Lakini ukibakiwa na Jumamosi na Jumapili, zinatosha kumwonyesha huyo mtoto Kisangani na kumweleza kwa nini mji uko pale ulipo. Sababu ni moja, nayo ni maji.

Mto Kongo, ambao juu ya mji bado unaitwa Lualaba, unapitika kwa boti kutoka Kinshasa kwa takriban kilomita 1,700. Ukifika Kisangani, mawe yanaufunga. Maporomoko ya Boyoma, ambayo wakoloni waliyaita Stanley Falls, yako saba, yamepangana kwa kama kilomita 100 kutoka Ubundu hadi mlangoni mwa mji. Usitegemee kuona maji yakianguka kutoka mbinguni: yote saba kwa jumla yanashuka kama mita 60 tu. Lakini zinatosha kuzuia boti. Mzigo uliotoka magharibi lazima ushuke hapa, na uliotoka mashariki lazima upite nchi kavu ndipo upakiwe tena. Mzigo unaposhuka hutokea soko, ghala, wapagazi, ushuru na askari, halafu hutokea ugomvi wa nani atawale. Mambo mengi makubwa yaliyoupata mji huu yana mzizi huo, kwa hiyo siku mbili zako zifuate maji. Majengo ya Makiso, katikati ya mji, yasubiri mchana.

Jumamosi amka kabla ya jua, uende kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Hapo kwao ndipo lilipo poromoko la saba, la mwisho. Utakuta magogo marefu yamesimamishwa katikati ya maji makali, yamekita kwenye mashimo ya mwamba, yamefungwa kwa kamba za mitambaazi ya msituni, bila msumari hata mmoja. Kwenye magogo hayo hutundikwa mitego mikubwa iliyosukwa, yenye mdomo mpana na mkia mwembamba, ikitazama kule maji yanakotoka. Samaki akisukumwa ndani, nguvu ya maji inamshikilia humo humo. Wanaume hufika na mtumbwi, mmoja hupanda juu ya magogo, wengine huushika mtumbwi mahali ambapo mgeni angezama mara moja, na mtego hupandishwa kwa mikono. Mto ukijaa unang'oa magogo, nao wanasimamisha mengine. Nafasi za kutega zinarithiwa katika ukoo. Si mtu yeyote anayeweza kuja na mtego wake. Mtazame kwa makini yule anayefunga kamba. Anachokifanya ni elimu ya mto ambayo hakuna chuo kinachoifundisha, na wazee wake walikuwa wakiifanya Stanley alipopita.

Kabla ya kutoa simu upige picha, wasalimie wazee wa mahali na ulizia ada ya wageni. Patana bei ya mtumbwi ungali nchi kavu. Hili si jambo la kukukera: ni kwao, na mto ndio shamba lao.

Ukiwa bado hapo kwenye mawe, simulia habari ya 1877. Mwezi Januari mwaka ule, Henry Morton Stanley alishuka na msafara wake kando ya maporomoko haya yote saba, mitumbwi ikiburutwa msituni na vita vikiwa njia nzima. Sehemu ya safari ile, huko juu, alikuwa amesindikizwa na Hamed bin Muhammad el Murjebi wa Zanzibar, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip. Desemba 1883 Stanley alirudi kwa upande wa chini, kwa boti za moshi, akijenga vituo kwa ajili ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na akaweka kituo kisiwani karibu na maporomoko. Watu wa Tippu Tip nao walikuwa wamekwisha kufika kwa upande wa juu, kutoka Kasongo na Nyangwe. Mwaka 1886 walikishambulia kituo kile na Wazungu wakakimbia.

Jambo lililofuata huwashangaza wengi. Februari 1887, huko Zanzibar, Stanley na Tippu Tip waliandikiana mkataba: mfanyabiashara huyu wa pembe na watumwa akafanywa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Leopold, aliyejinadi Ulaya kuwa mpiga vita biashara ya utumwa, akamwajiri mtu aliyetajirika nayo, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kumtoa. Tippu Tip aliondoka 1890, na vita vya 1892 hadi 1894 vikauvunja utawala wa Waungwana, wafanyabiashara kama yeye na watu wao, huko mashariki. Yeye mwenyewe alifia Zanzibar mwaka 1905, akiwa ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Ukimsoma utaona jinsi anavyozitaja safari, deni, bei na vita, na jinsi watu waliokamatwa wanavyopita katika habari hiyo bila majina. Watu hao ni mababu wa wengi wetu wa Tshopo na Maniema, na ni wao ninaotaka watoto wetu wawakumbuke wanapolisikia jina lake.

Misafara ya Tippu Tip na watu wake ndiyo iliyoleta Kiswahili mpaka Kisangani. Lingala nayo ilipanda na boti na askari kutoka magharibi. Zote mbili zikakutana hapa, na ndiyo maana mama wa sokoni anaweza kukupokea kwa moja na kukutajia bei kwa nyingine, halafu akamgombeza mwanawe kwa Kifaransa. Uislamu pia ulikuja kwa njia hiyo ya mashariki, na misikiti ipo mpaka leo.

Njaa ikikuuma, kula lituma. Ndizi mbichi za kupika huchemshwa, hutwangwa kinuni zikiwa za moto mpaka zishikane, hufinyangwa mviringo, huliwa kwa sombe au samaki wa liboke aliyefungwa kwenye majani. Unaweza kukaa Matonge ya Brussels miaka mingi ukapata sombe na makayabu kila wiki, lakini lituma iliyotwangwa sasa hivi ni ya huku. Usiache nafasi hiyo ipite kwa ajili ya kuku na chipsi za hotelini.

Mchana panda pikipiki uende Makiso. Zamani kidogo ungepanda toleka, baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma, iliyoubeba mji huu katika miaka ambayo mafuta hayakufika kwa sababu ya vita. Zimepungua, ila ukiiona panda hata kwa mitaa miwili, kwa heshima ya vijana walioziendesha.

Makiso ndiyo Stanleyville ya zamani. Jina lilibadilishwa mwaka 1966. Kuna kanisa kuu la Mama wa Rozari karibu kabisa na mto, kuna bandari, kuna posta. Posta ndiyo ninayotaka uisimamie. Patrice Lumumba alikuja mji huu kijana katika miaka ya 1940, akafanya kazi ya karani wa posta, akawa kiongozi wa vyama vya wasomi weusi, akaandika magazetini. Alikamatwa 1956 kwa kesi ya fedha za posta, akafungwa. Mwaka 1958 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha MNC huko Léopoldville (Kinshasa ya leo), lakini ngome yake ilibaki hapa. Mwisho wa Oktoba 1959, baada ya mkutano wa chama mjini Stanleyville, askari waliua watu kadhaa, naye akatiwa ndani tena. Januari 1960 Wabelgiji walilazimika kumfungua ili aende kwenye meza ya mazungumzo Brussels. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Januari 1961, aliuawa Katanga. Jino lake, masalia pekee yaliyobaki, lilirudishwa na Ubelgiji Juni 2022, na kabla ya kuzikwa Kinshasa lilipitishwa Kisangani. Nyinyi mnaokaa Brussels mna uwanja wenye jina lake karibu na Matonge tangu 2018. Mpeleke mtoto pale kabla ya safari, kisha mlete hapa, ajue kwamba yule mtu aliwahi kuwa na dawati, bosi na barua za kupanga.

Miaka mitatu na nusu baada ya kifo chake, Agosti 1964, waasi walioitwa Wasimba waliuteka mji, na Septemba wakatangaza jamhuri yao chini ya Christophe Gbenye. Walishika mateka mamia ya Wazungu. Tarehe 24 Novemba, makomando wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani juu ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Vitabu vya Ulaya vimewaandika mateka waliokufa asubuhi ile kwa majina na picha zao, na ni haki yao. Wakongo waliouawa na Wasimba kabla ya siku hiyo, na waliouawa na jeshi na mamluki baada yake, walikuwa maelfu, na wengi hawakuandikwa popote. Kama una mjomba au bibi aliyekuwapo, Jumamosi jioni ni wakati wa kukaa naye. Rekodi sauti yake, kwa ruhusa yake. Kazi hiyo inazidi kila picha utakayopiga.

Jumapili, baada ya misa, vuka mto kwenda Lubunga. Kisangani haina daraja juu ya mto Kongo, kwa hiyo utavuka kwa mtumbwi, na ukiwa katikati ya maji utauona mji wote umejipanga ukingoni. Ng'ambo ndiko inakoanzia reli ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyojengwa kati ya 1903 na 1906 ili kuyazunguka maporomoko. Reli hiyo ndiyo jibu la wakoloni kwa mawe yale uliyoyaona jana. Garimoshi sasa ni la kubahatisha. Uliza wenyeji hali ya usalama kabla ya kuvuka, maana tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umewaumiza watu wa upande ule na kuwafanya wengi wakimbilie mjini.

Mtoto wako huenda amesoma shuleni kitabu cha Joseph Conrad kuhusu safari ya mto huu. Conrad alifika hapa Septemba 1890, akakaa siku chache, akashuka mgonjwa. V. S. Naipaul naye, mwaka 1979, alichapisha riwaya ya mji usiotajwa jina ambao kila Mboyoma, yaani mtu wa Kisangani, anautambua. Ningependa watoto wetu wavisome vitabu hivyo viwili wakisha kufika Kisangani, kwa sababu ndani yake mji huu ni mwisho wa dunia, na mtu aliyemwona Mgenia akifunga kamba yake hawezi tena kuamini hivyo.

Alasiri nenda kwenye daraja la mto Tshopo, kaskazini mwa mji, karibu na bwawa la umeme. Hapo weka simu mfukoni: daraja na mitambo ya umeme si mahali pa kupiga picha bila ruhusa. Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuja pamoja kama marafiki, yalipigana ndani ya mji wetu, na eneo hili la daraja lilikuwa katikati ya mapigano. Mabomu yalianguka kwa maelfu juu ya nyumba, shule na makanisa, na mamia ya raia walikufa. Ilikuwa mara ya tatu kwa majeshi hayo kupigana Kisangani ndani ya mwaka mmoja. Yalikuwa yakigombania mji wenye bandari, uwanja wa ndege na maduka ya almasi. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliikuta Uganda na hatia kwa yale iliyoyafanya Kongo, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa, mahakama ilisema haina mamlaka. Familia zilizopoteza watu bado zinafuatilia fidia ofisini. Kama nyumbani kwenu kuna aliyefiwa siku zile, mwulize kama faili lake limepokelewa, na umsaidie kutafuta karatasi zinazokosekana.

Ukijaliwa Jumatatu ya ziada, shuka na boti hadi Yakusu, kwenye misheni ya zamani ya Wabaptisti, kati ya Walokele. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi huko, alijifunza jinsi ngoma zao zinavyotuma habari kutoka kijiji hadi kijiji, na 1949 akachapisha kitabu juu yake. Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa 1933, chenye hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa, iko mbali zaidi, na kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kujichosha. Hiyo iwekee safari nyingine.