Rumba, disko na kibali cha kazi: Safari ya Samba Mapangala kupitia Kampala

Na Mwandishi wa Masuala ya Kikanda, Kampala

MFANYABIASHARA anayetoka Kikuubo na mzigo wa kwenda Goma, Juba au Busia anajua kwamba bidhaa hupata bei inapovuka mpaka. Katikati ya miaka ya 1970 ilipita Kampala bidhaa ambayo haikupimwa kwenye mizani wala kulipiwa ushuru, na hadi leo inaendelea kuchezwa kwenye baa na harusi za Afrika Mashariki. Ni muziki wa Samba Mapangala, mwimbaji aliyeoanisha rumba yenye asili ya Cuba na mdundo wa disko.

Mapangala alizaliwa Matadi, mji wa bandari kwenye Mto Kongo. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za muziki wa Cuba zilizobeba alama ya GV ziliingia Afrika kwa meli pamoja na shehena nyingine. Vijana wa Kongo walizisikiliza, wakatambua ndani yake ngoma za mababu zao zilizovushwa Atlantiki na watumwa, wakazirudisha nyumbani. Kile kilichopigwa kwa piano na fidla kule Havana kilihamia kwenye gitaa kule Kinshasa. Huko ndiko ilikotoka rumba ya Kongo.

Baada ya kuimba na bendi za vijana Kinshasa, Mapangala alielekea mashariki ya nchi, na katikati ya miaka ya 1970 akavuka kuingia Uganda. Hapa Kampala yeye na wenzake waliunda bendi ya Les Kinois, jina lenye maana ya watu wa Kinshasa.

Haukuwa wakati mwepesi. Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka mwaka 1971, na kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kuliacha maduka bila bidhaa. Hata hivyo watu waliendelea kutafuta burudani. Mwaka 1975 kundi la wanamuziki waliotoka Cranes Band, akiwemo mpuliza saksafoni Moses Matovu, lilianzisha Afrigo Band. Afrigo walibaki Kampala kupitia tawala zote zilizofuata, wakichanganya rumba, soul na midundo ya Uganda, na bendi hiyo imedumu. Les Kinois walichagua njia nyingine. Mwaka 1977 walifunga virago kwenda Nairobi.

Mwaka huo una maana kubwa kwa wasomaji wa gazeti hili, kwani ndio mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Wanasiasa walikuwa wakigawana reli na ndege huku bendi ya Wakongo iliyoundwa Uganda ikitafuta maisha Kenya.

Sababu ya kwenda Nairobi ilikuwa ya kibiashara. Mji huo ulikuwa na studio, kiwanda cha kuchapa santuri na wauzaji waliofikisha bidhaa hiyo katika nchi jirani. Wakongo wengine walikuwa wametangulia. Super Mazembe walikuwa wameshafika, na Les Mangelepa walikuwa wameanza mwaka 1976 baada ya kujitenga na Baba Gaston. Soko lilikuwa limejaa, na mgeni alihitaji kitu cha kumtofautisha.

Mwaka 1981 Mapangala aliunda Orchestra Virunga. Jina hilo ni la milima ya volkano inayosimama pale Kongo, Uganda na Rwanda zinapokutana. Muda mfupi baadaye ilitoka santuri iliyotangaza biashara yake waziwazi kwa jina la It's Disco Time, ndani yake ukiwemo wimbo Malako Disco.

Disko ilikuwa imeenea duniani wakati huo, na ndoa yake na muziki wa Kilatini haikuwa ya Nairobi peke yake. New York, mpiga fidla mzaliwa wa Cuba, Alfredo de la Fé, alitoa albamu mwaka 1979 iliyochanganya salsa na disko. Ni mbegu ileile ya Cuba iliyoota katika mashamba mawili tofauti.

Virunga hawakuiga disko ya Marekani nzima nzima. Walichukua uthabiti wa ngoma yake, ule mdundo usiomwacha mchezaji akae, na juu yake wakaweka gitaa zinazojibizana, saksafoni na sauti nyembamba ya Mapangala. Besi yao haijazi kila nafasi. Inapiga, inanyamaza, kisha inarudi pale mguu unapoisubiri. Rumba ya zamani ilikuchukua polepole kabla ya sebene. Virunga waliufupisha mwendo huo.

Jambo la pili walilolifanya kwa busara ni lugha. Kilingala kilikuwa na heshima yake ukumbini, lakini mnunuzi wa santuri Nairobi, Mwanza au Mombasa alitaka kuelewa anachoambiwa. Mapangala aliimba pia kwa Kiswahili, na wimbo Vunja Mifupa ukawa wa kila mtu kwa sababu hauhitaji mkalimani. Kwa Uganda hilo lilikuwa na uzito wa ziada. Wengi hapa walikihusisha Kiswahili na askari na amri. Muziki uliwaletea Kiswahili kingine, cha mapenzi, starehe na mawaidha.

Kilichomsumbua msanii huyu na wenzake ni karatasi. Katika miaka ya 1980 Kenya ilibana vibali vya kazi kwa wanamuziki wa kigeni, na bendi za Wakongo zikavurugika, baadhi zikaondoka. Virunga nao hawakuepuka misukosuko hiyo. Mwaka 1990 kampuni ya Earthworks ya Uingereza ilikusanya rekodi zao katika albamu Virunga Volcano. Katika muongo huo Mapangala alihamia Marekani, na kutoka huko akaendelea kuimba kwa Kiswahili, ukiwemo wimbo wa mwaka 2008 wa kumtakia heri Barack Obama.

Hesabu yake ni rahisi. Mwimbaji aliyezaliwa Kongo, akapata bendi Uganda na jina Kenya, aliishia kuwa msanii wa Marekani, na sehemu ya mali yake ikauzwa kupitia London. Mfanyabiashara yeyote anajua hasara ya kuuza kahawa mbichi. Hii nayo ni ya namna hiyo.

Je, leo ingekuwa tofauti? Kwa sehemu, ndiyo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, Kenya, Uganda na Rwanda zimefutiana ada za vibali vya kazi, na Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya Julai 2022. Lakini itifaki hiyo haikufungua mlango kwa kila kazi, kwani kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi itakaowapokea. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili mpakani, ikiwa bidhaa yake imo kwenye orodha. Mpiga gitaa wa Bunia anayekuja kupiga Kampala kwa wikendi moja hana cheti cha namna hiyo, na gitaa lake linahesabiwa kama chombo kilichoingizwa kwa muda.

Haki ya mtunzi nayo inasafiri kwa taabu kuliko wimbo wenyewe. Uganda ina chama cha kukusanya mirabaha tangu 1985 na sheria ya hakimiliki ya 2006, na Kenya ina taasisi zake. Hata hivyo wimbo ukivuka Malaba, fedha zake hazina basi la uhakika la kuzirudisha.

Jumuiya ya sasa imekikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, na bendi kama Virunga zilikuwa zimeshakisambaza bila ruzuku wala mkutano wa mawaziri. Wanaojadili orodha za kazi na bidhaa huko Arusha wangefanya vyema kuwaongeza wanamuziki, ili kijana wa leo mwenye kipaji cha Mapangala apate riziki yake hapa hapa bila kuhamia Marekani.