Vita Viliisha, Usingizi Haujarudi

Mwezi huu tunazungumzia ugonjwa usio na kidonda.

Watu wa Tabora tumezoea kungoja wasafiri. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walishika njia ya misafara hadi pwani, na nyumbani watu walihesabu miezi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, wanajeshi na mgambo waliaga familia zao. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vijana wale leo ni babu zetu. Nao wadogo zao wamelinda amani Kongo, ambako Desemba 2017 wenzao kadhaa waliuawa katika shambulio moja.

Wengi walirudi wakaendelea vema. Wengine walirudi na vita moyoni. Usiku huota mapigano, wakaamka wamelowa jasho. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Hujitenga, hukasirika ghafla, au huzama katika pombe. Pengine dalili hujitokeza baada ya miaka mingi, hasa mtu akistaafu na kukosa shughuli.

Nyumbani nako kuna maumivu. Mama hunyamaza kwa kuona aibu, watoto hunyata. Mtoto asipoelezwa, hudhani baba anamchukia. Aambiwe wazi: "Baba anaumwa, wewe huna kosa."

Tufanye nini?

1. Akiota vibaya, msimshike. Simameni mbali kidogo, mwiteni jina lake kwa upole.

2. Msimlazimishe kusimulia. Akianza mwenyewe, sikilizeni bila kumhukumu.

3. Pombe si dawa ya usingizi. Humlaza mapema, kisha humkatizia usingizi.

4. Msikimbilie kusema amerogwa, wala kwamba ni mwoga. Mpelekeni zahanati au hospitali, kama ile ya Kitete. Ushauri nasaha husaidia, na dawa zipo. Akipewa dawa, asiziache bila kumwuliza daktari.

5. Akisema afadhali afe, msimwache peke yake. Ondoeni silaha na sumu, mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo.

6. Akipiga watu, mama na watoto waende kwanza mahali salama. Ugonjwa si ruhusa ya kupiga.

Sala na matibabu havigombani. Jumuiya zetu ndogondogo, tuwatembelee wazee hawa hata pasipo msiba. Tulipowaaga tuliwapigia vigelegele. Sasa tuwape sikio.