Kaa, Paa, Jaa: Maneno ya Herufi Tatu katika Delta ya Rufiji

Wapo watu, na baadhi yao ni wasomi wenye heshima zao, waaminio kwamba Kiswahili kina uhaba wa maneno, na ushahidi wao aghalabu ni yale maneno ya herufi tatu yaishiayo kwa irabu mbili, kaa, paa, taa, jaa, saa na ndugu zao, ambayo kila moja huweza kubeba maana mbili, tatu, hata nne. Naikanusha dhana hiyo kwa moyo wote, na mahali nipendapo kuikanushia ni delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, kwa sababu huko maana hizo hukutana kila siku, katika tope moja na vinywani mwa watu walewale.

Maji yakitoka pwani ya Nyamisati, mvuvi wa kaa koko hupita baina ya mizizi ya mikoko akiwa na kijiti kirefu chenye ndoana ya chuma, akakiingiza taratibu shimoni mpaka mnyama akikamate kwa gando, kisha humvuta kwa subira, maana akitumia nguvu gando hukatika, na kaa mwenye gando moja hana bei. “Kaa hapo hapo, mwanangu, kaa asikupite,” baba humwambia kijana aliyeziba upande wa pili, na kijana hapati tashwishi yoyote. Ametajiwa maneno mawili, wala si moja lililorudiwa.

Asili ya jambo ni hii. Zamani za kale maneno haya yalikuwa na l katikati, na jamaa zetu wa bara na wa kusini wangali nayo. Mchewa wa Malawi husema kukhala kwa kukaa, kuvala kwa kuvaa, njala kwa njaa na makala kwa makaa. Mkikuyu husema makara. Mganda husema kuzaala. Na Mzulu, aliye mbali kabisa, humwita kaa inkalankala. Sisi tuliiacha l hiyo, irabu zikagusana, na maneno yaliyokuwa yakipambanuka kwa viambishi na kwa kupanda na kushuka kwa sauti yakafanana machoni. Hata paa, yule mnyama mwembamba wa vichakani, jina lake ni moja na empala wa Waganda, ambaye kwake mji wa Kampala ulipata kuitwa hivyo. Na Watanzania wenyewe, wakipanda mto Rufiji hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, humkuta huko swala pala, jina lililoihifadhi l mahali pake, wasitambue kwamba pala huyo na paa wa pwani ni neno moja.

Lakini ajabu niipendayo kuliko zote ni kwamba l hiyo haikufa. Imejificha, na hutoka pale kitenzi kinaponyambuliwa: kaa hutoa kalia na kalisha, vaa hutoa valia na valisha, twaa hutoa twalia, na zaa hutoa zalia na zaliwa, hata kila Mswahili atajaye mwaka aliozaliwa huitamka, pasi na kujua, sauti ambayo wahenga wake waliifuta katika neno zaa. Na palipokuwa na i ya kale baada yake, l iligeuka z, ndipo tukapata mzazi, mkazi, makazi, vazi na jaza. Mwanafunzi aulizaye z ya mkazi imetoka wapi, ilhali kukaa hakuna z, ameuliza swali la kitaalamu lenye jibu kamili, nasi kwa miaka mingi tumemwambia akariri tu.

Tofauti ya pili ni ya pumzi. Kaa wa majini na paa wa porini walianza kwa sauti za puani, nkala na mpala. Sauti hizo zilipodondoka ziliacha nyuma yake pumzi, ambayo wazee wa Mombasa na Lamu wangali wakiitoa bayana, hata ukiweka kiganja mbele ya midomo yao wanapomtaja paa mnyama utauhisi upepo, na wakitaja paa la nyumba, au kaa la moto, hutahisi kitu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha ikaundwa 1930 kuisimamia kazi hiyo, na tahajia iliyoenezwa mashuleni haikuipa pumzi hiyo alama yoyote. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, aliiandika kwa uangalifu mkubwa. Nasikitika kwamba kumbukumbu ya vinywa vyetu tumemwachia mgeni, na nasikitika zaidi kwamba Kindengereko na Kirufiji, lugha za kando ya mto huu ambazo zingetupa ushahidi mwingine mwingi, hazifundishwi shuleni.

Si maneno yote ya sura hii yaliyo ya Kibantu. Saa imetoka kwa Waarabu, na taa kwa maana ya utii ni yao pia, mbali na taa iwakayo na taa yule samaki mwenye mwiba mkiani. Jaa lina habari ndefu zaidi: maji hujaa, taka hutupwa jaani, na mabaharia wa kale waliuita upande wa kaskazini jaa, kwa ile nyota ya ncha isiyohama. Delta iko takriban nyuzi 8 kusini ya ikweta, na nyota hiyo haionekani huko kamwe. Nahodha aliyepakia boriti za mikoko katika mlango wa Simba Uranga kwenda Oman alisafiri na jina lake tu, akaiona yenyewe baada ya kuivuka ikweta. Boriti hizo zilibeba mapaa ya nyumba za Uarabuni, na upana wa vyumba vya huko ulifuata urefu wa miti ya Rufiji.

Mikoko hiyo, ambayo hakuna msitu wa jinsi yake ulio mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki, leo hukatwa kwa makaa na kwa mashamba ya mpunga, na mkoko ukatwao kwa ajili ya makaa ndio makao ya kaa. Mkulima ana malalamiko ya haki, kwa kuwa kaa wadogo humkatia miche ingali michanga. Walakini sumu zilizowahi kumwagwa mashambani kuwaua huteremka katika maji yaleyale yaleayo kamba na samaki, na hilo halikubaliki.

Matumizi ya maneno haya ya herufi tatu ni mengi: vina vya mashairi, vitendawili, chemshabongo za magazetini, masomo ya kwanza ya kusoma, uchunguzi wa historia ya lugha, na sasa programu za kompyuta zisomazo maandishi kwa sauti, ambazo zingefaa zifundishwe na wazee wa pwani namna ya kumtaja kaa wa tope na kaa la moto.